Sinia la Mnyapara Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na kazi za kwendea asubuhi na nyumba za kurudia jioni, palikuwa na mkandarasi wa madaraja aitwaye Bwana Simba. Kujenga alikuwa hajui. Kunguruma alijua, tena vizuri, na wengi wakisikia mngurumo hudhani ni ufundi.

Bwana Simba alipata kazi ya kuweka daraja kwenye mto Mbwebwe. Daraja lilitaka magogo matatu ya mvule, marefu na mazito, yaliyokuwa yamelala msituni yakingoja kuburutwa. Akaajiri wenye nguvu watatu: Ndovu, Nyati na mzee Kifaru. Juu yao akamweka mnyapara mmoja, Nguchiro, ambaye akisimama wima anamfikia Nyati kwenye ukwato.

Msicheke. Huyo mdogo alikuwa na akili ya kumtosha yeye na ya kuwaazima majirani.

Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya kichuguu, kuinua kitambaa cheupe, kisha kukishusha. Kitambaa kikishuka, wote watatu wavute kamba kwa pamoja. Rahisi, sivyo? Basi sikilizeni ilivyokuwa. Ndovu alianza kuvuta kitambaa kikiwa bado hewani. Nyati alivuta kiliposhuka, lakini kageuza shingo pembeni, maana hakutaka kumtazama Kifaru. Na Kifaru alivuta wenziwe walipokwisha kuchoka. Gogo likalia kriii, likanyamaza. Kwa siku tisa nzima lilisogea urefu wa mkeka.

Haikuwa nguvu iliyopungua. Wale watatu walikuwa hawapatani hata kwa salamu. Nyati akimwona Kifaru asubuhi alisonya, nsyooo! Kifaru akisikia alikaza uso, akapita. Na Ndovu, saa ya chakula ikifika, alibeba bakuli lake lenye kifuniko akaenda kujificha nyuma ya kichaka, wenziwe wakabaki wakinung'unika, kila mmoja kivyake, kwamba anakula vinono peke yake. Kila mmoja alikula akiwapa wengine mgongo.

Jumatatu Bwana Simba akaja kukagua. Akalitazama gogo, akamtazama Nguchiro.

"Jumamosi saa sita mchana nitarudi," akasema. "Nikikuta gogo hili halijalala juu ya mto, utafungasha. Nyumba ya kambi ni ya mnyapara anayefanya kazi. Fisi ameshaniomba nafasi hiyo mara mbili."

Nguchiro akageuka kuitazama ile nyumba. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa na mkewe, Mama Pacha, na watoto wanne, pacha juu ya pacha, na mvua za masika zilikuwa zimeanza kudondoka. Akajikaza. Akamwomba Bwana Simba awape wafanyakazi mchana mmoja tu, wakae, wale pamoja, wazungumze.

Bwana Simba akacheka mpaka manyoya ya shingo yakatikisika. "Hapa ni kazini, si harusini. Wakianza kuchekeana, nani atavuta?" Akaondoka zake kwenda kunguruma kwenye kazi nyingine.

Jioni ile Nguchiro alimsimulia mkewe kila kitu. Mama Pacha hakulia. Alikuwa mama wa kazi, na machozi aliyaona kama maji yaliyomwagika bure. Alisema tu kwamba kwenye ghala kumebaki mchele, nazi tatu, maharage, viazi vitamu na boga moja, na kwamba hicho ndicho chakula chao cha njiani wakifukuzwa.

"Kipike chote Alhamisi," Nguchiro akasema.

"Na tukifukuzwa tutakula nini, Baba Pacha?"

"Tukikipika hatutafukuzwa." Alisema hivyo kwa sauti ya kishujaa, lakini usiku kucha aligeukageuka kitandani.

Sasa, kupika ni jambo moja na kuwaleta wanaochukiana kwenye sinia moja ni jambo lingine. Ukimwambia Nyati njoo ule na Kifaru, atakuuliza kama una homa. Nguchiro alilijua hilo. Kwa hiyo hakumwalika mtu yeyote kula.

Jumatano alimfuata Nyati, akamnong'oneza sikioni kwamba mzee Kifaru roho inamsuta kwa kutoitikia salamu za Nyati. Amemwomba Mama Pacha apike kesho mchana, apate kumtaka Nyati radhi, ila ana haya. Nyati asiseme kitu. Aende, akae, amwache mzee aanze mwenyewe.

Kisha akaenda, chapu chapu, mpaka kwa Kifaru. Huko akasema Nyati roho inamsuta kwa kusonya kwake. Amemwomba Mama Pacha apike, ila ana haya, kwa hiyo mzee asiseme kitu.

Halafu akamfikia Ndovu, akapanda juu ya jiwe ili afike karibu na sikio. Ndovu akaelezwa kwamba Nyati na Kifaru wote wawili roho zinawasuta kwa kumsengenya.

Ndovu akatikisa masikio, pata pata. "Nilijua siku moja watajirudi," akasema, na siku ile alivuta kamba kwa heshima ya mtu anayengoja kuombwa msamaha.

Alhamisi mchana wakafika uani kwa Nguchiro, mmoja baada ya mwingine. Jamani, mngewaona! Kila mmoja alikuja na uso wa ukarimu, uso wa hakimu aliyekwisha kuamua kusamehe. Mama Pacha akatandika mkeka, akawanawisha, akatenga sinia kubwa katikati: ubwabwa wa nazi unafuka moshi, maharage pembeni, viazi na boga juu. Wakakaa wakalizunguka.

Tii. Nyati alimngoja Kifaru, Kifaru alimngoja Nyati, na Ndovu aliwangoja wote wawili. Nguchiro alisimama kwenye mlango wa jiko, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, tayari kwa lolote.

Mwenye subira fupi alikuwa Nyati. "Mzee Kifaru," akasema, "mimi nimekwisha kukusamehe. Sema lako basi tule."

"Unisamehe mimi?" Kifaru akashangaa. "Mimi ndiye niliyekuja kukusamehe wewe."

"Na nyote wawili," Ndovu akaingilia kwa upole, "mlitakiwa muanze na mimi."

Wakatazamana. Halafu taratibu, vichwa vitatu vikubwa vikageuka kuelekea mlango wa jiko.

Nguchiro akaona dunia imekuwa ndogo. Angeweza kukimbia, na mbio alikuwa nazo. Lakini aliwaza nyumba, akawaza watoto, akajitokeza katikati ya uwanja.

"Nimewadanganya," akasema. "Hakuna aliyetaka kuomba radhi. Ningewaambia njooni mle pamoja, msingekuja. Jumamosi gogo lisipovuka, mimi na wanangu tunatoka humu ndani na mvua hii. Nimeogopa, jamani. Ndiyo maana."

Nyati akainuka, fuu, fuu, pua zinatoa moshi. Pale pale Mama Pacha akatokea na jagi la maji.

"Shemeji, keti," akamwambia. "Kugombana mtagombana mkishashiba. Sinia likishatengwa halisusiwi, na wali haujamkosea mtu."

Wanangu, kuna neno la kumjibu mama mwenye nyumba aliyekupikia? Hakuna. Nyati akakaa. Wakaanza kula, kila mmoja upande wake, macho chini.

Mara chubwi! Kifaru alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kiazi, akautumbukiza kwenye bakuli la kunawia. Akautoa, akajaribu tena, safari hii akashika goti la Ndovu. Ndovu alibaki ametulia, hajui afanye nini, maana hakuna aliyewahi kumchukua goti lake akidhani ni kiazi.

Nyati akaacha kutafuna. "Mzee," akauliza polepole, "huoni?"

Kifaru akainamisha pembe. "Karibu naona kwa shida. Mbali sioni kitu. Tangu ujana. Nimenyamaza kwa sababu nani atamwajiri asiyeona?"

"Kwa hiyo ninapokupungia asubuhi kule ng'ambo ya uwanja..."

"Huwa unanipungia?" Kifaru akainua kichwa. "Mimi husikia unanisonya tu. Masikio yangu ni mazima."

Nyati alitamani ardhi ipasuke. Siku zote hizo alikuwa amemnunia mzee wa watu kwa salamu ambazo hakuziona. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka kwenye pembe. Akachukua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakiweka mkononi mwa Kifaru, akamwomba radhi mbele ya wote. Hiyo sasa haikuwa hadithi ya Nguchiro.

Kifaru akamwambia yamekwisha. Kisha akanusa hewa, akauliza mbona upande wa Ndovu hausikiki mdomo ukitafuna. Kweli, Ndovu alikuwa hajala hata punje. Akajikunja, akaminya maneno, mwishoni akasema: jino lake kubwa la nyuma limeoza, na kila siku anakula uji. Ndiyo sababu ya kichaka. Dume zima kama yeye, na bakuli la uji kama mtoto mchanga!

Nyati akajaribu kujizuia. Akashindwa. Kwi kwi kwi! Kifaru naye akaanza, na Ndovu alipoona wanacheka bila ubaya, akacheka mpaka mkeka ukatetemeka. Mama Pacha alikuwa amekwisha kuchukua boga, akampondea na tui la nazi, na Ndovu akala hadi akaramba sahani. Toka hapo utani haukukatika. Nyati akampa Ndovu jina la Kichanga, Ndovu akamwambia Nyati aende kuusalimia mlima, labda wenyewe utampungia.

Waliposhiba, mzee Kifaru akaegemea ukuta akaanza kuimba. Kumbe alikuwa na sauti! Nzito, ya chini, inayokuingia kifuani na kukufanya utikise kichwa bila kutaka. Wenziwe wakaitikia, wakapiga miguu chini, du! du! du! na vyungu vya Mama Pacha vikagongana kabatini. Miguu yote ilikuwa inakanyaga kwa wakati mmoja.

Nguchiro alikuwa akiokota masahani. Akasimama ghafla, masahani mkononi, akaona upumbavu wake mwenyewe. Siku zote hizo alikuwa akipunga kitambaa mbele ya mtu asiyeona! Kifaru hakuwa mvivu. Alikuwa akingoja kamba itikisike ndipo ajue kazi imeanza. Mnyapara akajisonya mwenyewe, kisha akacheka peke yake kama mwehu.

Ijumaa asubuhi kitambaa kilibaki nyumbani kikifuta meza. Mzee Kifaru alifungwa kamba ya mbele, Nyati akawa ubavuni kumwonyesha njia, Ndovu nyuma yao. Mzee akaanza:

"Mvule wee, amka!"

"Haya!" wakajibu, wakavuta.

"Twende ukaoge!"

"Haya!"

Kriii. Kriii. Gogo likaondoka! Lilipita kichuguu, likapita miiba, na jua lilipozama lilikuwa limeshalala ukingoni mwa mto.

Jumamosi karibu na saa sita, Bwana Simba akatokea. Nyuma yake alikuwa Fisi, kajitwika godoro kichwani, birika mkononi, meno yote nje kwa furaha ya kuhamia. Walipofika mtoni wakasimama. Wale watatu walikuwa wamevuka ng'ambo, wanavuta kutoka huko, na wimbo unarindima. Kriii, kriii, puu! Gogo likalala juu ya mto Mbwebwe, huku ukingo, na huko ukingo.

Bwana Simba akalizunguka gogo, akalipiga teke, likatulia. Akamgeukia Nguchiro akitaka kujua amewafanya nini. Nguchiro, aliyekuwa amechoka na uongo wiki ile, akamjibu kweli: aliwakalisha, wakala, wakazungumza.

"Nilikukataza," Simba akanguruma. "Gogo limevuka, lakini amri yangu umeivunja. Fungasha. Fisi, ingia ndani."

Fisi akapiga hatua moja kuelekea nyumba ya kambi, iliyokuwa hapo hapo karibu na ukingo. Hakupiga ya pili, kwa sababu njia ilikuwa imezibwa. Ndovu, Nyati na Kifaru walikuwa wamevuka mto kimya kimya, wamesimama bega kwa bega mbele ya mlango wa mnyapara, maji yakiwachuruzika.

"Bwana Simba," Ndovu akasema bila kupandisha sauti, "yamebaki magogo mawili. Nguchiro akitoka, na sisi tunatoka. Sijui Fisi atayavuta na nani."

Bwana Simba alimtazama Nyati, kwa kuwa wiki iliyopita Nyati angemgeuka mwenzake kwa neno moja tu. Nyati akamtazama vile vile. Simba akamtazama Kifaru. Kifaru hakumwona vizuri, lakini hakusogea. Kwa mara ya kwanza mkandarasi akaona wafanyakazi watatu ambao hawezi kuwapitia katikati, na mngurumo ukamkauka kooni.

Akakohoa. Akasema hewa ya mtoni si nzuri. Akasema Nguchiro abaki, na magogo yaliyosalia yavutwe kwa namna yoyote mnyapara atakayoona inafaa. Fisi akageuza godoro, akarudi alikotoka, na mvua ikamkuta njiani.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye mabega na aibebe: mkijuana kwenye sinia, gogo haliwashindi.