Jina la Binti wa Kalunde

"Jina ni moja na ni langu!" alisema Bi. Limi, kanga keshajifunga kibwebwe, mikono keshainyoosha kumpokea mtoto.

"Lako kwa lipi? Kwa ule moshi wako?" akauliza Kalekwa.

"Kalekwa, usinichokoze mbele ya mjukuu wangu."

"Mkimaliza kutukanana," akasema Nyamizi, kajaa mlangoni hapiti mtu, "mtoto nipeni mimi."

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na majini, ila zamani ya mabani, ndipo wanawake hawa watatu walipogombana hivyo. Bani ni kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku kwa moto. Na kwa watu wa mabani, kitovu cha mtoto kikikatika, mama husimama mlangoni akataja jina moja. Mwenye jina ndiye somo ya mtoto. Ndiye humtoa nje akaliona jua, naye mtoto akikua humtunza, somo asione njaa wala upweke maisha yake yote. Jina moja, somo mmoja. Hakuna la pili.

Mama wa mtoto aliitwa Kalunde. Alikaa kitandani na binti yake kifuani, anawasikiliza watatu wale, na kila anayesema anamwona ana haki.

Kalunde aliolewa na Mihayo, mkulima wa tumbaku. Mihayo alisema, "Tuezeke bati kwanza, mtoto aje hatuvujiwi." Wakangoja. Mwaka huu bei mbaya, mwaka ule mvua mbaya, na bati halikupatikana. Kazi ya Kalunde ilikuwa kuchochea moto wa bani, msokoto wa tumbaku mdomoni. Kuvuta alifundishwa na mama mkwe wake, huyo Bi. Limi, wiki ya kwanza ya uarusi. "Vuta, mwanangu, usingizi ukimbie."

Alipofika miaka thelathini na tatu, siku zake zikaanza kuruka. Mwezi zinakuja, miezi miwili hazionekani. Usiku anaamka kalowa jasho. Akamwuliza mumewe. "Joto la bani hilo." Akamwuliza mama mkwe. "Joto la bani, unalala nalo mwilini." Akawauliza majirani. "Joto la bani." Akaridhika, akarudi kuchochea.

Asubuhi moja ya Juni, Kalekwa akaja kumtembelea, yeye na mumewe. Kalekwa ni mama mdogo wa Kalunde, mdogo wa marehemu mama yake mzazi. Baridi ilikuwa ya kukunja vidole, watu wote wamejikunyata ndani ya mashuka. Kalunde peke yake anajipepea kwa ungo.

Kalekwa akaweka chini kikombe cha uji. "Bani gani linawaka leo?"

Mabani yote yalikuwa yamezimwa tangu mwezi uliopita.

"Nauliza, bani gani? Hili si joto la moto, ni la ukoo. Kwetu wanawake tunamaliza siku mapema. Bibi yako alimaliza kabla ya arobaini. Mama yako vilevile. Mimi nilimaliza na thelathini na sita, na huyu mume wangu aliyekaa hapa nimekuwa nikimdanganya kila mwezi kuwa bado ninazo. Mwanangu, nenda hospitali. Bati litangoja."

Mume wa Kalekwa akainuka, akaondoka bila kuaga. Mwaka haukuisha akamwacha, akaoa mke mwingine.

Kalunde akaenda hospitali. Daktari akamwambia bila kuzunguka, "Mayai yako yanapungua, lakini hayajaisha. La ukoo siwezi kulibadilisha. Ila tumbaku nayo inaharakisha. Iache leo. Na kwenye kifuko kimoja cha mayai kuna uvimbe, itabidi tuutoe."

Aliporudi na habari hiyo, Bi. Limi aliingia ndani, akatoka na kiko chake cha miaka arobaini, akakitumbukiza chooni. "Nilikutia mimi, nitakutoa mimi." Wakaacha pamoja. Lo, nyumba ile! Bi. Limi anatafuna kijiti kutwa, Kalunde anafoka hata kuku wanakimbia. Msimu ulipofika, Bi. Limi akamwambia, "Wewe banini hukanyagi. Ukinusa tu utarudi." Akachochea moto mwenyewe, bibi mzima na magoti yake mabovu, mpaka tumbaku ya mwisho ikakauka.

Siku ya upasuaji, Kalunde alisindikizwa na shoga yake, Nyamizi. Huyu naye aliwahi kupasuliwa uvimbe, na hakumwambia mtu yaliyompata. Daktari wa upasuaji alipokuja na haraka zake, Nyamizi akamzibia njia.

"Unatoa nini na unaacha nini?"

"Mama, tupishe tufanye kazi."

"Sikupishi. Mimi niliingia chumba hicho nina miaka ishirini na minane na siku zangu, nikatoka sina. Walivitoa vifuko vyote viwili, na hakuna aliyeniambia. Sema sasa, hajalala bado, asikie."

Wodi nzima ikasikia siri yake. Daktari akashusha pumzi, akaeleza, akaahidi kutoa uvimbe tu na kuviacha vifuko kama inawezekana. Ikawezekana.

Mwaka uliofuata Kalunde akashika mimba, akajifungua binti. Walipomshukuru daktari, akacheka. "Msinishukuru mimi. Kipi hasa kilichowapa mtoto huyu, sijui. Nikisema najua nitawadanganya. Ila msitegemee mwingine."

Basi ndiyo siku hiyo ya mlangoni.

Kalekwa akasema, "Nisingefungua mdomo, mngekuwa mnasema joto la bani mpaka leo. Nimeyasema yakanitoa ndoani. Nina nini tena?"

Bi. Limi akasema, "Kusema ni kusema. Mimi nilifanya, mchana na usiku."

"Wewe ndiye uliyemtia motoni!"

"Na nikamtoa! Nani mwingine aliyekosa hapa akarudi kulipa?"

Nyamizi akasema, "Mngesema na mngefanya, na kisu kingemaliza vyote. Tena nyie mmezaa ama mna mjukuu. Mimi sitaitwa na mtoto yeyote duniani ila huyu."

Wakamgeukia Mihayo. Mihayo akainua mikono. "Mimi niliyetaka bati? Nanyamaza."

Kalunde akasimama na binti yake. Akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, machozi yanamtoka, na yalikuwa ya furaha. Angekuwa na mabinti watatu angewagawia siku hiyohiyo. Anaye mmoja. Akafika kizingitini, jua linamgusa mtoto vidole vya miguu, akafungua mdomo.

Nami hapo namsimamisha. Hadithi mmeisikiliza bure mpaka mwisho, sasa lipeni. Msiniambie wote watatu, hilo si jibu, ni woga. Aliyesema, aliyekosa akarekebisha, au aliyezuia kisu? Je, nani alistahili jina? Litajeni.