Kiatu Kimoja cha Vidari

Hapo zamani, kaskazini kabisa kwenye theluji isiyoisha, palikuwa na mungu mmoja asiyesema. Jina lake Vidari. Baba yake ni Odini, mkuu wa miungu wote. Mama yake ni Gridi, mwanamke wa ukoo wa majitu. Msicheke huko nyuma! Hakuwa bubu. Alikuwa mkimya tu, na wakimya wana mambo yao.

Ilitabiriwa kwamba mbwa-mwitu Fenriri atammeza Odini, na kwamba Vidari ndiye atakayelipiza, kwa mguu mmoja ndani ya kinywa cha mnyama yule. Basi mafundi viatu wa duniani wakawa na desturi. Kila wakikata ngozi, vipande vya kidoleni na vya kisiginoni walivitupa kando wakisema, "Hivi vya Vidari." Gridi akaviokota, akashona. Akaokota, akashona. Kiatu kimoja, miaka mia tatu!

Siku ikafika. Fenriri akammeza Odini mzima mzima. Vidari akamkabili, lakini mnyama alikuwa ameshiba, kinywa amekifumba. Ndipo Vali, ndugu yake Vidari kwa baba, akaruka mbele mikono mitupu.

"Ewe mla wazee! Mimi pia ni damu ya Odini. Njoo umalizie!"

Fenriri akapanua kinywa. Vidari akaingiza kiatu, akakanyaga taya la chini, akashika la juu, akampasua. Kwisha habari yake.

Miungu waliosalia wakaamua: kiatu kitundikwe juu ya mlango wa mmoja tu, anayekistahili kuliko wote, na nyumba hiyo ndiyo itakayokaa mbele katika kila karamu, vizazi na vizazi.

Gridi akasema, kifua mbele: "Ni changu. Vilikuwa takataka mpaka nilipovishona. Miaka yote mmeniita jitu, mkaninyima hata kiti mezani penu. Leo mshono wa jitu haukufumuka hata uzi mmoja!"

Vali akasema: "Mama, nakuheshimu. Lakini mbele ya kinywa kilichofumbwa kiatu chako kingefanya nini? Kingebisha hodi? Meno yale niliyafungua mimi, kwa roho yangu."

Akajitokeza binadamu, Torgerda, mjane, fundi viatu, amemshika mkono mwanawe mkubwa.

"Mimi si mungu, wala si ndugu wa mtu hapa. Lakini ngozi yangu imo humo. Wanangu walivaa viatu vifupi ili Vidari apate chake. Huyu baridi ilimla vidole viwili. Akichechemea, natembea naye nimeinua kichwa."

Wote wakamgeukia Vidari.

Akamtazama mama yake. Akamtazama ndugu yake. Akautazama mguu wa yule kijana, akautazama sana. Kisha akavua kiatu, akakiweka chini katikati yao, akasimama na mguu mtupu kwenye theluji.

Hajasema mpaka leo, na mguu wake bado u wazi. Haya, ninyi wenye midomo: kiatu kitundikwe mlango wa nani?