Aliyefunikwa kwa Kitenge cha Bibi

Wapendwa, mikono yangu ni mitupu, lakini naomba mzione kamera mbili hapa juu ya meza. Moja ndogo, moja kubwa. Mtanisaidia kuchagua. Nawaambia mapema kwamba wengi wetu tutachagua vibaya, na tutakuwa na sababu nzuri kabisa.

Palikuwa na dada mmoja, msomi wa chuo kikuu, mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, anarudi kuusukuma. Akituma barua, anakaa akijiuliza kama aliweka tarehe. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Kama humjui, labda ni wewe.

Kanisa lao lilikuwa milimani, kule ambako mwezi wa saba watu huota moto hata saa sita mchana, na ukitia mguu mtoni baridi inapanda mpaka gotini kabla hujapiga hatua ya pili. Kanisa hilo lilibatiza mtoni, kwa maji mengi, mtu mzima anazamishwa na kuinuliwa. Tena lilikuwa na desturi yake. Kila anayebatizwa alichagua mtu mmoja wa kumsubiri ukingoni na nguo kavu. Huyo aliitwa mpokeaji. Kazi yake ilikuwa moja: mtu wako akitoka majini, unamfunika.

Sasa bibi yake yule dada, akiwa na miaka sabini na moja, akaamua kubatizwa. Alikuwa na mabinti watatu, alikuwa na wakwe, alikuwa na majirani wa kumwaga. Akawapita wote akamchagua mjukuu.

“Mke mwenzangu,” alimwambia. Ndivyo alivyomwita tangu yuko mgongoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. “Utanipokea wewe. Na kuna jambo lingine. Si unajua kupiga picha?”

“Najua kidogo, Bibi.”

“Wanasema mtu akizamishwa pale anatoka mpya. Sasa mimi nitajuaje? Uso wangu mwenyewe siuoni. Unipige pale pale ninapoinuka, maji bado yanachuruzika, kabla sijajipangusa. Nataka nijione.”

Maisha yake yote bibi alikuwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho cha kupigia kura, na kwenye hiyo, alisema mwenyewe, alifanana na mwizi wa kuku aliyekamatwa. Akafungua sanduku akatoa kitenge kipya, kizito, cha bluu yenye maua ya njano, kinachonukia dawa ya nondo. Akakiweka mikononi mwa mjukuu wake. “Hicho ndicho cha kunifunika. Usikivae.”

Ijumaa dada akaenda kwa katibu wa kanisa kuazima kamera. Kabatini zilikuwa mbili.

“Hii ndogo,” katibu alisema, akiigonga juu ya meza bila huruma, “imeanguka kutoka kwenye paa. Imekaliwa. Watoto wa kambi waliipeleka mtoni wakacheza nayo kama samaki, ikatoka inapiga. Ila picha zake za kawaida. Ukizikuza sana zinaingia chengachenga.”

Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ukubwa wa kipande cha sabuni, imechubuka kona zote.

“Na hii?”

Katibu aliibeba ile ya pili kwa mikono miwili. Nyeusi, nzito, lenzi yake nene kama kikombe cha chai ya wageni. “Hii ni ya harusi na ya maaskofu. Picha yake unahesabu nyusi moja moja. Lakini tone la maji likiingia humu, dada yangu, mimi na wewe hatujuani.”

Yule dada aliyajua haya kuliko katibu. Alijua kwamba kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, katika ile kubwa, ni kipana karibu mara thelathini kuliko katika ile ndogo. Alijua kwamba siku ya mawingu tofauti hiyo huonekana usoni mwa mtu, kwenye mikunjo, kwenye kivuli chini ya macho.

“Nitachukua kubwa,” akasema. “Bibi anastahili picha nzuri.”

“Mtoni?”

“Nitakuwa mwangalifu, mzee.”

Nawauliza, alidanganya? Hapana. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Bibi alistahili picha nzuri, na kamera ile ilikuwa bora. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema, na alikwepa hata kujisemea. Siku ile kwaya ya mjini ilikuwa inakuja, na kwenye kwaya ile kulikuwa na watu aliosoma nao. Ukitokea na kikamera cha rangi ya chungwa, unaambiwa, “Dada, kaa chini, unatuziba.” Ukitokea na ile nyeusi inaning’inia kifuani, watu wanasema, “Mpisheni mpiga picha.” Alitaka kupishwa. Hilo tu. Ni dhambi kubwa hiyo? Ni kitu kidogo sana. Vinavyotuaibisha kwa kawaida ni vidogo.

Jumapili wakateremka mtoni. Kamera shingoni, kitenge begani. Kweli alipishwa. Alipewa jiwe zuri la kusimamia, na mmoja wa wale wa mjini akamwambia, “Wewe siku hizi umekuwa mtu wa maana!” Akacheka, akajibu, “Acha bwana,” akarekebisha mkanda wa kamera ambao haukuwa umelegea.

Waliokuwa wanabatizwa walikuwa kumi na wawili. Bibi alikuwa wa saba. Akaingia wa kwanza, mchungaji akamzamisha, akamwinua, dada akapiga. Akaitazama picha. Mgongo. Wa pili, mgongo. Ndipo akagundua kitu ambacho yeye, mtu wa kuhakikisha, hakukihakikisha: kule mtoni mtu alisimamishwa akitazama ng’ambo. Waliobaki ukingoni waliona migongo. Ukitaka uso ni lazima uingie, upite upande wa pili wa mchungaji, usimame majini mpaka kiunoni.

Akayatazama maji. Hatua sita, labda saba. Mawe ya chini yanateleza. Akasikia sauti ya katibu: mimi na wewe hatujuani. Akabaki juu ya jiwe lake. Wa tatu, mgongo. Wa nne, mgongo.

Wa tano alipokuwa anainuka, manyunyu yakaanza. Si mvua, manyunyu, yale ya milimani ambayo huyaoni ila unayakuta kwenye nywele. Dada akashtuka. Alikuwa hakubeba mfuko wa plastiki. Akapapasa huku na huku, na mkono wake ukakuta kitu kizito, kikavu, kilichokunjwa vizuri begani kwake.

Alijiambia, ni mara moja tu. Bibi bado. Manyunyu yakipungua nitakifungua.

Akaizungushia kamera kile kitenge mara mbili. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha, akakifunga fundo. Halafu akafunga juu yake fundo la pili.

Wa sita akaenda akarudi. Manyunyu yakageuka mvua.

“Nani anampokea bibi?” shemasi akaita. “Mpokeaji sogea, bibi yuko majini!”

“Nakuja, shemasi, nafungua tu.”

Fundo lililolowa, wapendwa, mnalijua. Vidole vimekufa ganzi, kitambaa kimevimba. Akavuta huku, likakaza. Akavuta kule, likakaza zaidi. Akainama akaliuma kwa meno. Nyuma ya kelele za mvua akasikia mchungaji akisema maneno yake, akasikia maji yakipasuka, akasikia wimbo ukiinuka. Na katikati ya wimbo akasikia sauti ya bibi yake.

“Ngoja, mchungaji. Ngoja kwanza. Napigwa picha.”

Bibi alikuwa amegeuka. Kwa kuwa alijua mjukuu wake yuko ukingoni, aliiacha ng’ambo, akawageuzia uso wake, maji yanachuruzika, hajajipangusa. Akasimama vile vile kama alivyoagizana na mjukuu wake, miaka sabini na moja, kwenye maji yale ya mwezi wa saba, akatulia. Alisimama kwa muda gani? Waliokuwepo wanasema ilitosha mtu kusoma Baba Yetu. Wote waliuona uso ule. Wanakwaya waliuona, mchungaji aliuona, shemasi aliuona.

Mtu mmoja hakuuona. Alikuwa ameinama anauma fundo.

Alipoinua macho, ule uso ulikuwa umekwisha kupita. Aliyekuwa pale sasa alikuwa bibi kizee anayetetemeka, mikono imekumbatia mabega, anatafuta kitenge chake kwa macho. Na akakiona. Akaliona ua la njano. Akaliona lilivyozungushwa, likafungwa, likafungwa tena, na mkanda mweusi unaochungulia juu.

Akacheka. Meno yalikuwa yanagongana lakini alicheka.

“Ahaa, kumbe umemfunika mwenzangu! Basi mfunike vizuri, mke mwenzangu, asije akashikwa na homa.”

Ukingo mzima ukaangua kicheko, hata wale wa mjini. Mama mmoja wa kijiji cha pili, asiyewajua, akavua sweta lake akaingia nalo majini na viatu vyake miguuni, akamvika bibi. Yule dada akabaki juu ya jiwe lile zuri alilopishwa. Alitamani mtu amsukume mtoni.

Jumatatu akarudisha kamera. Katibu akaigeuza, akaipuliza, akachungulia kwenye lenzi.

“Kavu! Mvua yote ile? Hata tone! Wewe dada ni mtunzaji. Wengine waige kwako.”

Alisimama pale akisifiwa. Alingoja amalize. Nawaambia, kuna sifa ambazo mtu angeona nafuu kuchapwa viboko kuliko kuzipokea.

Jioni akakaa jikoni na bibi yake, moto katikati yao. Bibi alikuwa ameanza kikohozi, si kikubwa. Alikuwa amejifunga kile kitenge, kimeanikwa na kukauka, kina kovu la fundo pale kilipoumwa.

“Enhe,” bibi akasema. “Niambie basi. Nilitokaje?”

Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema, ulitoka unang’aa, Bibi. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi.

“Sikuona,” akasema.

“Hukuona?”

“Nilikuwa natazama fundo.”

Bibi akasogeza kuni. “Na ile kamera kubwa?”

“Nayo haikuona, Bibi. Ilikuwa ndani ya kitenge chako.”

Bibi akakuna goti. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayehesabu viazi:

“Mimi siuoni uso wangu. Wewe hukuuona. Na yeye hakuuona. Basi tulikuwa watatu.”

Akakohoa, akamwomba maji ya moto.

Wapendwa, sijasimama hapa kusema kamera ndogo ni takatifu na kubwa ni ya shetani. Ile kubwa haina kosa. Katika harusi, ukumbini, ingekuwa sawasawa. Nanyi mlipokuwa mnachagua kabatini mlichagua ile kubwa, si ndiyo? Niliwaona mkitikisa vichwa. Lakini kuna vitu ukivishika, kazi yako inabadilika bila wewe kuambiwa. Ulitumwa kumpokea mtu, ukajikuta unalinda chombo. Na unakilinda kwa kitu gani? Kwa nguo ile ile uliyopewa kwa ajili ya yule mtu. Hukuwa na nyingine.

Tusimwangalie yule dada peke yake. Sisi hapa, miezi minne iliyopita, tuliweka zulia jipya jekundu kule mbele. Tulilifurahia, mimi wa kwanza. Tukaandika kwenye karatasi, “Tafadhali usikanyage na matope,” tukaibandika pale. Tangu siku ile, wale mama wanaotoka mashambani moja kwa moja, wenye miguu iliyopasuka, wamekuja mbele kuombewa mara ngapi? Nimejaribu kukumbuka. Sikumbuki hata mmoja. Na zulia ni safi. Mtu yeyote akija kukagua atatusifu kwamba sisi ni watunzaji.

Mwingine ana gari ambalo jirani mgonjwa hawezi kupanda kwa sababu atatapika kwenye viti. Mwingine ana jina zuri mtaani, analifunika lisilowe, na ndugu yake aliyetoka gerezani anasikia baridi uani. Tukiulizwa, tuna majibu, na majibu yetu yote ni ya kweli, kama ya yule dada kwa katibu. Hakuna atakayetukamata kwa uongo.

Basi sitawaomba mtupe kamera. Naomba tukifika nyumbani, kila mmoja ajitazame begani. Kitenge ulichopewa kilikuwa cha nani? Na sasa hivi kimemfunika nani? Ukikuta fundo, anza kulifungua leo, kabla halijalowa. Kwa sababu yupo mtu ambaye amekwisha kuinuka. Amegeuka, amesimama kwenye maji ya baridi, na anamwambia mchungaji amngoje kidogo, maana anaamini kwamba sisi tunamtazama.