Fisi Aandikisha Gari la Mwenyewe

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na gari!
Limezima.
Kalizima nani?
Aliyesinzia.

Basi asisinzie mtu. Na wewe unayetafuna karanga kule nyuma, tafuna polepole, ngano hii inataka masikio.

Hapo kale, si kale sana maana magari yalikuwepo, Nguchiro alinunua pikapu. Mkewe alikuwa mfinyanzi, na vile vyungu alivyobeba kichwani kila siku ya gulio vilimpinda shingo hata akawa anatazama upande mmoja tu. Nguchiro alimwonea huruma. Akalima, akauza, akajinyima, akanunua pikapu kuukuu kwa Nyani. Anafuta vumbi kwenye kioo, mara Fisi huyo.

Fisi akalizunguka gari, akanusa matairi, nfu nfu nfu, akampokonya Nguchiro ufunguo. Akasema gari ni refu na Nguchiro ni mfupi, kwa hiyo limepotea njia tu, lilikuwa linakuja kwake. Leo hii hii wangekwenda kuliandikisha kwa jina la Fisi, na Nguchiro abebe makaratasi.

Moyo ulimuuma Nguchiro, jamani. Akaikumbuka shingo ya mkewe. Lakini ashindane na meno yale? Akasema, "Sawa, mzee. Ila gari lisilo na namba haliendeshwi barabarani. Husukumwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nguvu. Mdogo hushika usukani."

Basi Fisi akasukuma. Mlima wa kwanza, sukuma hee, gari kwi kwi kwi. Mlima wa pili, sukuma hee, gari kwi kwi kwi. Ulimi nje, mkia katikati ya miguu. Nguchiro naye kakaa juu ya chungu cha mkewe ili aone mbele, anamwambia mzee asukume kulia kidogo, mzee asukume kushoto kidogo.

Wakafika ofisini. Karani wa pale alikuwa Kobe, na Kobe alikuwa na desturi moja: aliandika alichoambiwa, haongezi, hapunguzi. Mlangoni alisimama askari Tembo, ambaye hakupenda fujo.

Wakaketi kwenye benchi kungoja zamu. Nguchiro akapanga makaratasi: hati ya mauzo, risiti ya ushuru, bima, picha. Kwenye hati Nyani alishatia sahihi, ila pa jina la mnunuzi palikuwa wazi, pajazwe mbele ya karani. Mwisho akatoa kitambulisho chake, akakitazama, akacheka kimoyomoyo.

Alichekea nini? Siku alipozaliwa, baba yake alikwenda kumwandikisha kwa Kobe huyu huyu. Kobe akauliza, nimwandike nani? Baba, furaha imemjaa hata hasikii vizuri, akadhani anaulizwa baba ni nani. Akajipiga kifua: "Mwenyewe." Kobe akaandika Mwenyewe. Nyumbani wakamwita Nguchiro kama ukoo wao wote, lakini serikalini jina lake ndilo hilo.

Akamsogelea Fisi, akamnong'oneza kwamba wakubwa hawataji majina yao dirishani. Kutaja jina ni mambo ya watu wadogo. Mkubwa akiulizwa nani, hujibu neno moja tu: mwenyewe. Fisi akalipenda neno. Akalifanyia mazoezi pale pale kwenye benchi, kifua mbele, mpaka Tembo akamtazama.

Zamu ikafika. Kobe akachovya kalamu, chwi.

"Aliyenunua gari ni nani?"

"Mwenyewe."

Kobe akaandika, kwaru kwaru kwaru.

"Na kadi iandikwe jina la nani?"

"Mwenyewe."

Kwaru kwaru kwaru. Akagonga muhuri, pu! Akainua kadi juu, akaita kwa sauti yake ya pole, "Mwenyewe, njoo na kitambulisho uchukue kadi."

Fisi akatoa chake. Kobe akakisoma, akakirudisha. "Wewe ni Fisi. Hapa anatakiwa Mwenyewe."

"Ndiye mimi mwenyewe!"

"Hapa pameandikwa Fisi."

Nguchiro akapanda juu ya benchi, akasema shikamoo, akapitisha kitambulisho chake dirishani. Kobe akalinganisha jina na jina, picha na uso, akamkabidhi kadi na namba. Fisi akatoa meno. Tembo akakohoa. Fisi akarudisha meno, akarudisha na ufunguo.

Nguchiro akawasha gari, vururu! Fisi alikuwa hoi, nyumbani mbali. Akaja dirishani kwa unyenyekevu, akaomba lifti. Nguchiro akamwambia apande nyuma, ashike kile chungu kisivunjike.

Njia nzima wanyama wakawa wanatoka kushangaa, wanauliza, gari la nani hilo? Na Fisi, chungu mapajani, ikambidi ajibu, "La Mwenyewe." Na safari hii hakudanganya.

Ngano yangu imezima injini. Aliyeipenda aipande, aliyeichukia ashuke. Mafunzo yake ni haya: wazazi, mkienda kuandikisha watoto, msisikilize mnachoulizwa, jibuni tu. Na asiyeelewa asiniulize mimi. Akamuulize mwenyewe.