Jiwe Jeusi la Senzighe

Figa la nne humwaga chungu. Mmenisikia nikimwambia baba yenu maneno hayo asubuhi, alipokuja na habari ya kuipandishia ghorofa nyumba hii, ambayo wanaolala humo ni watu watano na paka. Sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Wewe Nakunda endelea kupukuchua mahindi, masikio hayahitaji mikono. Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Zamani, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, aliishi mtu akiitwa Senzighe. Hakuwa maskini wala tajiri. Alikuwa na shamba la migomba, mke mwenye akili aitwaye Nakijwa, na binti mmoja, Namcharo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kinachotosha akakiacha. Fimbo yake aliichonga nakshi, akaongeza nakshi, akaongeza tena, hadi ikakatika. Nyumba yake aliitoboa mlango wa pili ili awe anaingia kwa upande autakao. Tangu siku hiyo upepo nao uliingia kwa upande uutakao, na mbuzi pia.

Basi Namcharo akaposwa na Kiangi, kijana wa ng'ambo ya bonde. Walipendana, na kijiji kizima kilijua, maana Namcharo alikuwa akienda kisimani mara tano kwa siku na mitungi yote nyumbani imejaa. Desturi ya kule ilikuwa kwamba posa haikubaliwi mpaka wakwe wale pamoja kutoka chungu kimoja. Chungu kisipoliwa siku hiyo, wageni huaga, na hawarudi tena.

Siku ilipokaribia, Senzighe alisimama jikoni akayatazama mafiga. Yalikuwa matatu, aliyoyapanga marehemu mama yake, na hayakuwahi kumwangusha mtu.

"Mama Namcharo," alisema, "kila nyumba ina mafiga matatu."

"Ndiyo, na kila nyumba inakula."

"Wakwe watatuona ni watu wa kawaida. Ikiwa matatu yanabeba hivi, manne je?"

"Baba Namcharo, umekisikia hicho chungu kikilalamika?"

Alikuwa ameshatoka. Alirudi kutoka mtoni na jiwe jeusi kichwani, shingo imezama mabegani. Akayang'oa mafiga ya mama yake, akayapanga yote manne. Chungu kikainjikwa, kikayumba. Akatilia kigae chini ya figa moja. Kikayumba upande mwingine. Akatilia kigae na huko. Kufikia alasiri mafiga yalikuwa yamenyanyuka kiasi kwamba kuku angepita chini ya chungu bila kuinama, na moto haukukifikia. Akaanza kuvitoa vigae kimoja kimoja. Mwishowe chungu kikatulia, alimradi mtu asipumue karibu.

Kesho yake Nakijwa alipika makande ya posa akiwa amebana pumzi. Wageni wakafika: Kiangi, baba yake Mzee Mchome, na bibi yake, mwanamke mzee sana mwenye kiuno kibovu. Mkwe haingii jikoni kwa mkwe mwenzake. Senzighe aliwaingiza.

"Hesabuni mafiga," alisema.

Mzee Mchome alihesabu. "Manne," alisema kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mwenye mikia miwili.

"Na imara! Tazameni!" Senzighe akakigonga chungu kwa mwiko, mara moja tu, tena taratibu.

Chungu kikainama kama kinachoamkia wageni, na makande yote yakaenda motoni. Majivu yakapaa. Yaliposhuka, watu wote walikuwa weupe, na kuku walikuwa wakiingia kwa milango yote miwili.

Hakuna aliyecheka. Namcharo alimtazama Kiangi, Kiangi akatazama chini. Mzee Mchome akajipangusa uso, akaokota fimbo yake. "Mkwe," alisema, "sisi tuage." Hata leo nikifika hapa moyo wangu unauma.

Machozi yalimtoka Namcharo, lakini hakukaa kuyafuta. Alichukua mti, akalisukuma lile jiwe jeusi mpaka uani. Akayarudisha yale matatu kwenye mashimo yake ya zamani, ambayo bado yalikuwepo sakafuni. Chungu hakikuvunjika. Akakisuuza, akakiinjika. Hakikutikisika.

"Baba," alimwambia Mzee Mchome, "chungu ni kile kile. Tuna unga na tuna mlenda, chakula chetu cha kila siku. Nawaomba mkae."

Mzee Mchome alisitasita. Ndipo sauti ya bibi ikatoka uani.

"Nyinyi nendeni. Mimi siondoki." Alikuwa amelitandikia nguo lile jiwe jeusi, amelikalia. "Lina joto zuri hili. Kiuno changu hakijapumzika hivi tangu nimzae huyu Mchome."

Mama mzazi hawezi kuachwa ukweni peke yake. Basi wakakaa. Ugali ulisongwa katika chungu kile, wakaula kwa mlenda mpaka wakakikwangua. Mzee Mchome akalamba kidole cha mwisho.

"Wasichana wanaojua kuongeza nimewaona wengi," alisema. "Huyu anajua cha kuondoa. Tunamtaka."

Senzighe akaruka kwa furaha. "Ngojeni basi, niwaongezee..."

"Baba!" Namcharo alisema. "Figa la nne humwaga chungu."

Hapo ndipo wote walipocheka, na Senzighe, akiwa bado na majivu kwenye nyusi, akakaa chini. Inasemekana ilikuwa mara yake ya kwanza.

Namcharo alikuwa bibi yangu mimi. Jiwe jeusi alihama nalo, maana yule bibi mkwe hakukubali kuliacha, na ndilo hili ninalolikalia. Liguseni. Kama jiko halikulitaka, kiuno kinalitaka.

Na wewe mwanangu Elineema, usijifiche mlangoni, nimekuona muda mrefu.

"Mama," anasema baba yenu, "na ngazi tu je? Bila ghorofa?"

Mjibuni nyinyi, wajukuu zangu. Semeni kwa sauti, paka naye asikie: figa la nne humwaga chungu.