Sange, Punda na Moyo wa Baragumu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na uwanja, na vumbi, na kwato ngo, ngo, ngo.

Basi masikio yaje kwangu, mikono ibaki kwenye karanga. Na wewe Mwanaidi, maswali mwisho.

Hapo kale farasi wa dunia nzima walikuwa na mashindano yao. Walitoka nchi za mchanga, walitoka nchi za baridi, kila mmoja na mpandaji wake mgongoni. Michezo ilikuwa mitatu. Siku ya kwanza, kutembea kwa madaha. Siku ya pili, kuruka viunzi. Siku ya tatu, mbio ndefu za nyikani. Na aliyeshindwa mchezo mmoja, yote mitatu imempotea.

Mwaka huo mashindano yalifanyika Bonde la Ndago, na zawadi ilikuwa bonde lenyewe. Nyasi zote, za mtoni na za kilimani, ni za mshindi.

Bingwa wa miaka yote alikuwa farasi mmoja mkubwa, jina lake Baragumu. Nguvu alikuwa nazo, simnyimi haki yake. Lakini mlafi huyo! Popote aliposhinda alikula nyasi mpaka mizizi, kisha akagaagaa juu ya kilichobaki, pu, pu, pu.

Sasa, chini ya nyasi hizo alikaa Sange. Sange ni mdogo kama panya, ana pua ndefu ya kuchungulia mambo ya watu. Alikuwa na kiota cha majani makavu na watoto wawili ndani. Akazitazama kwato za Baragumu, akakitazama kiota chake, akaogopa sana. Akaenda kwa Punda.

"Ndugu yangu Punda, nipande mgongoni mwako tuingie mashindanoni?"

"Mimi si farasi," Punda akasema.

"Nani kakwambia?"

Punda akafikiri mpaka akachoka. "Haya, panda."

Mlangoni alisimama mwamuzi, Korongo, miguu mirefu, mkali wa sheria. "Huyu ni punda," akasema.

"Samahani, mzee Korongo. Sheria inataka masikio ya urefu gani?"

Korongo akafunua sheria, akafunua, akafunua. Hakuona kitu.

"Nauliza tu," Sange akasema. Wakapita.

Siku ya kwanza farasi waliinua miguu kwa madaha, tii, tii, tii. Punda akaenda hatua tatu, akasimama. Kimya.

"Mbona hatembei?" Korongo akauliza.

"Mzee Korongo, madaha ni kukimbilia mambo au kutulia?"

Korongo akajikuna shingo. "Ni kutulia."

"Nauliza tu." Wakapita, wa mwisho kabisa, lakini wakapita.

Siku ya pili Baragumu aliagiza fito za viunzi zipandishwe juu, sawa na kifua chake, ili wenzake washindwe. Yeye akaruka, hop! Wenzake wakagonga, kwa! Wakagonga, kwa! Wote wakatolewa. Punda akafika kwenye kiunzi, akainamisha kichwa, akapita chini.

"Mzee Korongo, sheria inasema aruke, au inasema ufito usianguke?"

Korongo akasoma mara mbili. "Ufito usianguke."

"Nauliza tu." Wakapita.

Siku ya tatu walibaki wawili. Na mbio ndefu zina desturi yake. Kufika si kufika. Ukifika, mwamuzi anatega sikio kifuani mwako, kando kuna kibuyu kinachovuja. Maji yadondoke tone moja, moyo upige mara moja. Matone kumi hivyo, ndipo umefika. Jua likigusa kilima moyo haujatulia, umeshindwa.

Kabla ya kuondoka, Sange akasema, "Bwana Baragumu, ukishinda utaanza kula wapi?"

"Mtoni."

"Na za kilimani zitakusubiri? Nyumbu wakipita?"

Baragumu akasimamisha masikio.

"Nauliza tu."

Wakaondoka. Baragumu akaenda gadagada, gadagada. Punda akaenda ko, ko, ko. Jua halijapinduka, Baragumu amesharudi, anatoa povu. Korongo akatega sikio. Tone, du du du du. "Bado." Nyani, mpandaji wake, akammwagia maji, mwaa. Moyo ukaanza kutulia. Tone, du du. Baragumu akazikumbuka nyasi za mtoni. Tone, du du du du. Akajituliza. Akazikumbuka za kilimani. Du du du du. Alasiri nzima ilikwenda hivyo.

Jua limekaribia kilima, Punda huyo anakuja, ko, ko, ko. Baragumu akafumba macho, akajikaza asifikiri chochote. Tone, du. Tone, du. Matone manane. Sange akapanda juu ya sikio la Punda, akasema polepole, "Bwana Baragumu, wale nyumbu kilimani ni wako?"

Du du du du du!

Kilimani hakukuwa na nyumbu. Korongo akamgeukia Punda. Tone. Kimya. Korongo akadhani amekufa. Kisha, du. Matone yote kumi hivyo hivyo, na jua likagusa kilima.

Baragumu akaondoka bila kuaga. Sange akashuka mbio, akawakuta watoto wake wazima, akalia kwa furaha. Bonde ni lake. Akageuka, Punda amesimama pale pale.

"Sange, aliyetembea nyika nzima ni nani?"

Sange akazitazama kwato za Punda, zimejaa vumbi.

"Na moyo uliopimwa ni wa nani?"

Sange akanyamaza, mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Nauliza tu," Punda akasema, akainama kula.

Mpaka leo Punda anakula Bonde la Ndago anapotaka, na Sange anaamka mapema kufagia vijia kwenye majani, ili Punda aone pa kutokanyaga.

Hadithi imefika, na moyo wake umetulia. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie. Funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye maswali mengi hapati kitu. Nyamazeni, mtafaulu.

"Lakini Bibi, mbona Sange alipata..."

Mwanaidi, karanga zako umemaliza kumenya? Nauliza tu.