Mkate Uliotiwa Chumvi Mara Saba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na wanawake saba wa mtaa mmoja waliofanya umoja wao wa kheri zama za vita. Mji wa jirani ulikuwa umezingirwa na jeshi, na watu wake wana njaa. Basi kila Alhamisi wanawake hawa walioka mikate mia, wakaipakia juu ya punda, wakawapelekea. Kiongozi wao alikuwa Bibi Raihana, ambaye dada yake Lubna alikuwa ndani ya mji ule na wanawe wachanga. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba ni siku ya nne hawajatia kitu kinywani.

Wanawake hao walikuwa wacha Mungu kwelikweli, na kila Alhamisi walifunga sunna. Haya, nambieni ninyi mpikao: unga ukandwe na watu saba, wote wana swaumu, nani ataonja? Alhamisi ya kwanza, Bibi Naila, ajuza wa miaka themanini, ndiye aliyepewa kazi ya chumvi. Kila mmoja wa wale sita akawaza moyoni, "Masikini, Mama Naila atakuwa amesahau." Akaona haya kumwuliza, akatia konzi yake kimyakimya. Msicheke, ndugu zangu, hiyo ndiyo adabu yao!

Jua lilipozama walikuwa njiani, karibu na kambi ya jeshi. Wakafuturu kwa tende na maji, kisha wakamega mkate mmoja. Lahaula! Nyuso zilikunjamana, macho yakatoka machozi. Kila mmoja akakiri la kwake, na kicheko kikawashika hata punda wakashtuka.

Lakini kicheko kilikatika mara moja. Walikumbuka amri: Amiri wa jeshi aliruhusu mkate upite, ila chumvi aliipiga marufuku, wasije watu wa mji wakahifadhi nyama na kustahimili zaidi. Anayekutwa nayo hunyang'anywa shehena yote.

"Tunyamaze," akasema mmoja wao. "Gunia la chumvi hatuna. Akituuliza, tuseme hatuna."

Bibi Raihana alimfikiria dada yake, akalia. Akasema, "Wallahi nawatamania wale watoto mkate huu kuliko ninavyoitamania roho yangu. Lakini sadaka ya Mungu siitangulizii uongo. Tusubiri, Yeye hamtupi mja wake."

Wakafika. Amiri akauliza, "Mna chumvi?"

"Ipo, ewe Amiri," akajibu Bibi Raihana.

"Iko wapi?"

"Ndani ya mkate. Tumeitia mara saba." Akamweleza yote, ya swaumu na ya kuoneana haya.

"Mimi ndiye niliyetia ya kwanza!" akadakia Bibi Naila. "Nimezeeka, sijapumbaa!"

Amiri akamega, akatafuna, akapaliwa. Akaomba maji, akaomba tena. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na askari wake wakacheka naye, watu waliokuwa wamesahau kucheka.

"Misafara kumi imeniapia hapa kwamba haina chumvi," akasema, "na yote nimeikuta nayo chini ya matandiko. Leo wamenijia watu wanaojishtaki wenyewe! Nilichokataza ni gunia na mfuko. Mkate ni mkate. Piteni, na kila Alhamisi mpite, hampekuliwi. Ila tafuteni mtu mmoja asiyefunga, awe anaonja!"

Mjini walipokewa kwa vigelegele. Lubna alikuwa na sufuria ya majani ya kuchemsha, chapwa, kwani chumvi haikuonekana mjini miezi miwili. Akavunjia mkate ndani, akakoroga, akawalisha wanawe, kisha akaonja mwenyewe. Akamkumbatia dada yake, akasema, "Dada, nani kawafundisha kuoka hivi? Tafadhali, msipunguze!"

Basi hawakupunguza. Kila Alhamisi walitia saba, sasa kwa makusudi na hadharani, na Amiri akiwaona anaagiza maji kabla hawajamfikia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi vita vilipokwisha.

Enyi waumini, uongo ungewapitisha usiku ule mmoja tu, na huenda usiwapitishe. Kweli iliwaachia njia wazi. Nami kila nikikikumbuka kisa hiki huomba dua moja: Ewe Mola, niruzuku majirani ambao, wakidhani nimesahau, watanitilia chumvi wala wasiniaibishe.